Mimi ni Nani? Swali la Ramana Tukiwa Tabora



Kijana mmoja wa jumuiya yetu hapa Tabora aliniuliza: "Frateri, kuna tafakari ya Kihindu nimeiona kwenye simu. Unakaa kimya, unajiuliza 'mimi ni nani?' basi. Ni dhambi?"

Njia hiyo imejulikana hasa kupitia Ramana Maharshi (1879–1950), aliyeishi chini ya mlima Arunachala, kusini mwa India. Wazo likija, unauliza: linamjia nani? Mimi. Na huyo mimi ni nani? Mwili? Mwili unabadilika, nami bado nipo. Kabila? Alama za chuo? Unavua moja moja. Mapokeo ya Advaita, maana yake "si wawili", yanasema ukimaliza kuvua hukuti wewe na Mungu. Unakuta mmoja tu.

Hatua ya kuvua naikubali. Mtakatifu Augustino naye alitutuma ndani kumtafuta Mungu, na tangu 1965 Nostra Aetate inatufundisha kwamba Kanisa halikatai lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Tena wengine tunahitaji sana kuvuliwa hesabu ya waliotufuata mtandaoni!

Lakini njia ya misafara, Ujiji hadi Bagamoyo, ilipita hapa Tabora, na humo watu walivuliwa kwa nguvu: wazazi, lugha, hata jina. Mfikirie Adrian Atiman. Yeye hakutekwa huku. Alitekwa utotoni kwao karibu na Mto Niger, akavushwa Sahara. Wamisionari wa Afrika wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko mpaka alipofariki 1956.

Alipovuliwa yote, alibaki nani? Advaita itajibu: yule ambaye mnyororo haukumgusa. Kuna faraja hapo, sikatai. Ila kama hakuna wawili, basi aliyefunga mnyororo, aliyefungwa na aliyekomboa ni mmoja yule yule. Hapo nakwama. Najua watanijibu kwamba tofauti hizo ni za kweli katika maisha ya kawaida. Sawa, lakini mimi nataka uso wa mgonjwa wa Karema uwe wa kweli hadi mwisho, mbele ya Mungu pia. Bila "wewe", nani anapendwa?

Henri Le Saux, mmonaki Mbenediktini kutoka Ufaransa, alimwona Ramana mwaka 1949. Aliishi na mvutano huu, akiadhimisha Misa na kuzama katika Advaita, hadi kifo chake 1973. Kwa hiyo usitegemee nikumalizie kwa aya moja.

Kijana wetu nilimjibu hivi: kaa dakika kumi, uliza, vua. Ukifika mahali maneno yameisha, usikimbilie kusema "mimi ndiye Mungu". Nyamaza hapo, usubiri kuitwa kwa jina, kama Isaya 43:1. Mimi hufanya hivyo kabla ya Masifu ya Asubuhi. Siku nyingine kinachoniita ni kengele tu.