Kwa Vijana Wanaokwenda Kupimwa Uongo

Vijana wangu, kila alfajiri nawaona mkikimbia barabara ya Baba Dogo hadi Lucky Summer, kabla matatu hazijaanza kupiga honi. Najua mnajinoa kwa ile siku moja ya uwanjani, maafisa wanapochagua makurutu. Pumzi mnayo, D+ ya kidato cha nne mnayo, na cheti cha tabia njema mmeshakiombea kwa eCitizen, alama za vidole zikachukuliwa. Siku hizi lakini mnaniuliza swali jipya pale kwa kinyozi: Mzee, ni kweli kuna mashine inayojua mtu akidanganya? Na ukikalishwa kwayo, ufanyeje?

Mashine ipo. Kurutu wa kawaida hupimwa meno, kimo na mbio, ila maafisa wa vikosi maalum vinavyofadhiliwa na Marekani kukabili mihadarati na ugaidi huketishwa mbele yake kwanza. Kampuni za hapa Nairobi nazo huwaita wapimaji mali ikipotea stoo. Na mnakumbuka Madaraka ya 2018, moto wa sakata ya NYS ukiwa bado unawaka: Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba wakuu wa ununuzi na uhasibu katika wizara na mashirika yote ya serikali wangepigwa msasa upya, mashine hiyo ikiwemo. Watu walishangilia, mimi nikiwa mmoja wao. Nani asiyependa kumwona mla pesa za umma akitokwa jasho?

Jasho ndilo neno lenyewe. Mtu hufungwa mikanda miwili, mmoja kifuani na mmoja tumboni, ili pumzi zake zihesabiwe. Mkononi huvalishwa kile kitambaa cha kupimia presha, na vidole viwili hubanwa vibati vinavyosoma unyevu wa ngozi. Basi. Hakuna waya unaofika kwenye dhamiri. Mashine inasoma mshtuko wa mwili, kisha binadamu mwenzako anaketi na kuamua kwamba mshtuko ule ni uongo. Kumbe mtu hushtuka kwa hofu, kwa aibu, kwa hasira ya kushukiwa bure, au kwa kuwaza kodi ya nyumba itakayodaiwa Jumatatu.

Wazee wa pwani walikuwa na kiapo cha mkate. Mshukiwa alipewa kipande kilichosomewa ameze, na aliyeshindwa kumeza ndiye mwizi. Walikuwa wamegundua jambo la kweli, kwamba hofu hukausha mate. Lakini maskini asiye na hatia, aliyezungukwa na kijiji kizima kinachomkodolea macho, mate yake yalikauka vilevile. Askari mmoja wa Berkeley huko Marekani, John Larson, aliyeunda chombo chake mwaka 1921, alikipa kiapo hicho waya na karatasi ya kuchorea.

Jirani yetu mmoja, kijana wa kupakia mizigo, aliitwa baada ya katoni kupotea kiwandani alikokuwa kibarua. Kabla ya kuulizwa habari za katoni aliulizwa: “Umewahi kuchukua kitu kisicho chako?” Akakumbuka chenji ya mama yake aliyokula utotoni, moyo ukaruka. Hakujua kwamba swali lile huwekwa makusudi: mpimaji analinganisha mruko wa hapo na mruko wa swali lenyewe, na anatarajia mwizi aruke zaidi kwenye katoni. Naye kwa kutojua, alipofika kwenye katoni alikuwa ameshaingiwa na hofu kwamba anaonekana mwizi. Aliambiwa “umefeli” na kesho yake asirudi. Waliomfukuza siwataji. Katoni hazijaonekana hadi leo.

Hapo ndipo mjue haki yenu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema mwajiri hawezi kukufuta kwa kosa kabla hajakueleza kosa lenyewe kwa lugha unayoielewa na kukusikiliza, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kando yako. Mchoro wa mashine haujajibu kifungu hicho. Katiba nayo, kifungu cha 31, inalinda faragha yako. Ukiulizwa mambo ya ndoa, dini au siasa huku umefungwa mikanda, uliza kwa adabu yanahusianaje na kazi. Na usitie sahihi karatasi ambayo hukuisoma, hata wakikwambia ni utaratibu tu.

Huko Marekani kwenyewe, sheria ya 1988 iliwakataza waajiri wengi wa kampuni binafsi kupima wafanyakazi hivi. Serikali ilijiachia mlango, ndiyo maana idara nyingi za polisi wao bado hupima waombaji. Na bado Aldrich Ames, ofisa wa CIA aliyewauzia Wasovieti siri, alipimwa mwaka 1986 na tena 1991, akapita mara zote mbili. Alikamatwa 1994, baada ya wenzake kujiuliza jumba lake na gari lake la Jaguar vilinunuliwa kwa mshahara upi.

Kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Tume ya Huduma ya Polisi ilipoanza kuwapiga msasa maafisa mwishoni mwa 2013, kilichowatoa jasho wakubwa kilikuwa taarifa za M-Pesa na za benki. Maafisa wa trafiki wa vyeo vya chini walikutwa wakiwatumia mabosi wao pesa, mchango baada ya mchango, na maelezo yakawa yale ya harambee na mikopo. Karatasi ya Safaricom haina presha wala haitishiki.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Kati yenu wapo ambao wazazi wao wanatafuta mteja wa kipande cha shamba ushago, ili ipatikane bahasha ya kumpa mtu na jina lipite. Nimesikia, msidhani uzee ni uziwi. Tarehe 14 Julai 2014 walichaguliwa makurutu 10,000. IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, ikaenda mahakamani kulalamikia rushwa na ukiukaji wa taratibu, na mwezi Oktoba Jaji Isaac Lenaola akafuta zoezi lote. Walioingia kwa haki waliumia pamoja na walionunua nafasi. Shamba la aliyeuza halikurudi.

Na hebu fikirini: aliyelipa kuingia, siku ya kwanza barabarani anawaza nini? Anawaza kurudisha pesa ya shamba. Atairudisha kwa nani kama si kwa mama mboga wa Ngomongo na kwa kondakta wa matatu zetu? Akipelekwa kwenye kikosi maalum, aulizwe kama alitoa kitu ili aajiriwe, vibati vitalowa na safari hii vitakuwa vimesoma sawa.

Kwa hiyo ukikalishwa kwenye kiti kile, lala vizuri usiku wake, kula, usimeze tembe za kutuliza moyo wala kujaribu ujanja wa kubana pumzi mliousoma kwenye simu. Wapimaji wanaujua, na ukionekana unaufanya utahesabiwa mdanganyifu hata kama huna neno. Jibu kwa ufupi. Kama uliwahi kukamatwa kwenye msako au kuvuta bangi shuleni, liseme mapema kabla ya mikanda, kwenye fomu. Ukiambiwa umefeli na hujafanya kosa, omba sababu kwa maandishi na nafasi ya kusikilizwa.

Kujiunga na polisi hakulipiwi. Atakayekuomba hata mia tano ya chai, awe chifu, dalali au mjomba wako, nenda kamripoti kwa tume ya kupambana na ufisadi, EACC, pale Integrity Centre.