Viti Viwili

Usiku ule nilizima sauti kwa sababu watoto walikuwa wamelala chumba cha pili, na ukuta wetu ni mwembamba. Kwenye kioo cha kompyuta mvulana mdogo alikuwa amesimama jukwaani, mikono imelegea ubavuni, na watu wazima mbele yake wakimsubiri aseme neno. Kifua chake kilijaa pumzi. Alikaa kitambo, kisha akaanza kucheza. Muziki wake sikuusikia. Nilisikia feni ikizunguka, na tone la maji likiangukia ndoo uani, moja, kisha kimya, kisha jingine.

Nilitazama hivyo hivyo hadi mwisho. Tangu usiku huo nimewatazama wavulana wengi wakicheza nafasi hiyohiyo, katika vipande virefu na vifupi vilivyorekodiwa, na mara ya kwanza huwa nawatazama bila sauti. Muziki ukinyamaza naona yaliyokuwa yakinipita: jinsi huyu anavyovuta pumzi kabla ya kuruka, jinsi yule anavyoitupia sakafu jicho kabla ya kuikanyaga, kama mtu anayebisha hodi.

Onyesho lenyewe ni Billy Elliot. Lilianza kama filamu mwaka 2000, hadithi ya Lee Hall iliyoongozwa na Stephen Daldry. Mwaka 2005 likapanda jukwaani katika ukumbi wa Victoria Palace Theatre, London, kwa muziki wa Elton John, na Peter Darling ndiye aliyetunga namna ya kucheza. Billy ni mtoto wa mchimbaji wa makaa ya mawe huko Easington, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, wakati wa mgomo mkubwa wa 1984 na 1985. Mama yake amefariki. Baba na kaka wamo mgomoni, na nyumbani kila kitu kinazidi kupungua. Mtoto anatumwa kwenda kujifunza ndondi. Ndondi zikiisha anachelewa kutoka, wasichana wa baleti wanaingia na mwalimu wao, na miguu yake inashika njia ambayo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuipita.

Hadithi hii wengi wanaijua. Kinachonirudisha mimi ni swali moja tu ndani yake.

Billy amekwenda na baba yake kwenye usaili wa shule ya Royal Ballet School. Mambo hayakwenda vizuri. Wameshageuka kuondoka, na hapo mmoja wa wasaili anamuuliza: unapocheza, unajisikiaje? Mtoto anatafuta maneno. Anaanza kuimba, wimbo unaoitwa Electricity, yaani umeme, na hata wimbo nao unafika mahali unamwachia mkono. Linalobaki analijibu kwa mwili.

Kilichonishangaza nilipokijua ni hiki: jibu hilo halikutungwa mara moja likabaki hivyo. Darling alilitunga upya kwa kila mvulana, kwa kutazama kile ambacho mtoto huyo amekuja nacho. Aliyelelewa kwenye sarakasi na mazoezi ya viungo alipewa nafasi ya kupinduka hewani. Aliyekulia kwenye baleti alipewa mizunguko mirefu. Mwingine alikuja na miguu iliyozoea viatu vyenye chuma chini ya soli, na chuma hicho kikapata pa kusemea. Fundi mzuri wa kanzu hufanya hivyo. Kitambaa ni kilekile na mshono ni uleule, lakini anashika mkanda, anamzunguka mtoto polepole, anampima bega hili na bega lile, maana mabega ya mtu hayafanani hata yakiwa ya mtu mmoja.

Wa kwanza kabisa mwaka 2005 walikuwa watatu: James Lomas, George Maguire na Liam Mower. Walipokezana usiku kwa usiku, kwa kuwa hakuna mtoto mmoja anayeweza kuibeba nafasi hiyo peke yake. Billy huwa jukwaani karibu muda wote wa onyesho, na onyesho linakaribia saa tatu. Mwaka 2006 wote watatu walipewa pamoja tuzo moja ya Olivier ya mwigizaji bora wa tamthilia ya muziki. Miaka mitatu baadaye jambo lilelile likatokea Marekani, ambako David Alvarez, Trent Kowalik na Kiril Kulish, waliokuwa wakipokezana katika ukumbi wa Imperial, New York, walipewa kwa pamoja tuzo ya Tony. Huwa nawaza juu ya waamuzi wale. Tuzo kama hizo huwa za mtu mmoja, nao nadhani walitazama, wakaona kwamba wakimtaja mmoja watakuwa wameisema sehemu tu ya kile walichokiona.

Alvarez alikuwa mtoto wa baleti, na anapozunguka naona mstari ulionyooka kutoka kisogoni hadi kwenye kidole gumba cha mguu, kama uzi wa mwashi uliotiwa timazi. Kulish alikuwa amecheza pia dansi za ukumbini, zile za watu wawili wawili, na mimi huona kwenye mikono yake kitu cha mtu aliyezoea kuwa na mwenzake, hata akiwa peke yake jukwaani. Kowalik alitoka kwenye ngoma ya Kiayalandi, ambayo aliwahi kuwa bingwa wake wa dunia. Ngoma hiyo humfundisha mtoto kutuliza kiwiliwili na kuiacha miguu iseme. Mikono hukaa ubavuni, kifua hakitikisiki, na huku chini mambo yanawaka. Nakiri kwamba moyo wangu huelemea kwake. Ule utulivu wa juu na ule moto wa chini, nikiutazama bila sauti usiku, nashindwa kuinuka kitini.

Halafu yupo Tom Holland, ambaye leo dunia inamjua kwa filamu za Spider-Man. Aliingia kwenye nafasi ya Billy huko London mwaka 2008, akitokea kwenye darasa la hip-hop, na baleti akaanza kuijifunza kwa ajili ya nafasi hii. Kwake ile safari ya Billy ilikuwa kweli maradufu. Mtoto wa kwenye hadithi anajifunza kusimama kwa vidole, na mtoto wa damu na nyama naye anajifunza. Nikimtazama, najiuliza ni wapi mmoja aliishia na mwingine akaanza.

Utotoni nilipelekwa kwenye Maulidi ya Homu. Wanaume walipiga magoti kwa safu, mabega yakigusana, wakainama na kuinuka kwa mwendo mmoja, taratibu, kama mashua zilizofungwa pamoja bandarini maji yanapojaa. Nikiwa mtoto niliona mwendo mmoja tu. Baadaye, nilipokuwa na umri wa kutosha kukaa mbele, nikaona kwamba mzee mmoja alitangulia nukta kidogo kila mara, na jirani yake alichelewa kidogo, na kijana wa mwisho aliinama zaidi ya wote huku ameyafumba macho. Mwendo ulikuwa mmoja kweli. Kila mtu alikuwa ameuingia kwa mlango wake. Sijui kwa nini kumbukumbu hiyo hunijia ninapowatazama wavulana hawa wa mbali, ambao hawakuwahi kunusa ubani wa uani kwetu. Hunijia, naiacha ikae.

Kuna jambo jingine katika nafasi hii ambalo hulipati kwa Hamlet wala kwa mfalme yeyote wa jukwaani. Mwigizaji mkubwa anaweza kukaa na nafasi yake miaka 10, akazeeka nayo. Billy hakai na mtu. Mtoto anafundishwa kwa miezi mingi, anaipata, anaicheza mwaka mmoja, pengine mwaka na nusu, kisha sauti inaanza kukwaruza na miguu inarefuka. Hakuna aliyemkosea. Mwili wake umetii kilichoandikwa. Kanzu ya Idi ya kaka inakunjwa, inawekwa, na Idi nyingine anaivaa mdogo wake, naye anasimama mbele ya kioo akiamini ni yake tangu azaliwe.

Makumi ya wavulana walipita hivyo. Onyesho lilipofungwa London tarehe 9 Aprili 2016, swali la msaili lilikuwa limeulizwa katika ukumbi ule zaidi ya mara 4,500, likajibiwa kila mara, na usiku uliofuata likaulizwa tena kana kwamba halijawahi kupata jibu. Hakuna msaili aliyesema sasa tumeelewa, basi. Nikifikiria hilo, nawakumbuka watu wanaoswali kila siku nyakati zilezile, maisha yao yote.

Kuna sehemu ya onyesho hilo ambayo nimeitazama kuliko zote. Billy yuko peke yake katika ukumbi mtupu. Anachukua kiti. Muziki ni wa Tchaikovsky, kutoka Swan Lake, ile baleti ya ndege weupe wa ziwani. Nyuma yake anatokea mwanamume mzima, mchezaji, naye ana kiti. Huyo ni Billy mwenyewe wa miaka ijayo. Wanavizungusha viti vyao kwa ncha ya mguu mmoja, kwa pamoja, mtoto na mtu mzima, umbali wa hatua chache, na hakuna anayemsemesha mwenzake. Kisha mtoto anafungwa kamba, na yule mkubwa anamsaidia kupaa. Anazunguka juu ya jukwaa, juu kabisa, na chini yake mtu mzima amesimama akitazama alikotoka.

Tarehe 28 Septemba 2014 onyesho lilirushwa moja kwa moja kutoka Victoria Palace hadi kwenye kumbi za sinema. Billy wa usiku huo alikuwa Elliott Hanna. Na yule Billy mkubwa, mwenye kiti cha pili, alikuwa Liam Mower, mmoja wa wale watatu wa mwaka 2005. Alikuwa na umri wa miaka 22. Alipokuwa mdogo yeye ndiye aliyekuwa juu, amefungwa kamba, mikono wazi. Sasa yuko chini, na mikono yake inafanya kazi ya mikono ya yule aliyewahi kumrusha yeye.

Katika filamu ya mwaka 2000, Billy mtu mzima aliigizwa na Adam Cooper, aliyekuwa ndege mkuu katika Swan Lake ya Matthew Bourne. Mower naye alipokua alijiunga na kundi la Bourne hilohilo, akaicheza Swan Lake kwa nafasi ya mwana wa mfalme. Hadithi iliyotungwa ilimtangulia, ikamsubiri njiani. Kwa haya mimi sina maelezo. Nayatazama tu.

Mwishoni mwa onyesho la usiku ule wa 2014 walipanda jukwaani Billy wengi, wa miaka iliyopita na wa wakati ule, zaidi ya 20, warefu kwa wafupi, wengine wana ndevu, wakacheza pamoja. Wengi hulipenda hilo. Mimi baada ya shangwe zile hurudi nyuma kwenye viti viwili.

Hurudi pia kwenye shimo la makaa. Easington ni mahali halisi, pembezoni mwa Bahari ya Kaskazini, na njia za mgodi wake zilipita chini ya bahari yenyewe. Watu walichimba makaa huku maji na samaki viko juu ya vichwa vyao. Tarehe 29 Mei 1951 gesi ililipuka humo, na watu 83 walifariki, wawili kati yao wakiwa waokoaji walioingia kuwatafuta wenzao. Mgodi ulifungwa mwaka 1993. Karibu na mwisho wa tamthilia, mgomo umeshindwa, wanaume wanarudi kazini, nao wanashushwa chini ya jukwaa pamoja, wakiimba, taa za kofia zao zikiwaka kuelekea ukumbini. Taa zinashuka, zinashuka, hadi giza. Mtoto mmoja anabaki juu, ana sanduku la safari mkononi.

Ndiyo maana kupaa kwake kwa kamba hakunipi furaha tupu. Kila Billy niliyemtazama anarushwa juu ya wale walioshuka. Baadhi yao wanacheza kama wanalijua hilo, na wengine ni watoto tu, wepesi, na wepesi wao unaniliza zaidi. Mama yake Billy naye yumo jukwaani mara kwa mara, marehemu, amesimama jikoni na maziwa, na barua aliyomwachia mwanawe. Kuna wavulana wanaomwangalia mama huyo moja kwa moja. Kuna mmoja, jina lake sikulishika, aliyetazama pembeni kidogo, pale ambapo mama angekuwa amesimama dakika moja kabla.

Watoto wangu wanakua. Suruali ya mkubwa imeshafika juu ya kifundo, na juzi nilimkuta mdogo akiwa ameivaa, ameikunja mara tatu, akizunguka sebuleni peke yake bila muziki wowote. Nilisimama mlangoni. Sikumuuliza anajisikiaje.

Ukiipata rekodi ile ya 2014, msomaji wangu, ngoja nyumba ilale. Zima sauti. Uanzie pale wanapovichukua viti.