Matengenezo ya Jumamosi

Somo: 2 Wafalme 12:4–18



Wengi wenu mpitao nyuma ya nyumba ya padre siku ya Jumamosi mmeona miguu imetokeza chini ya gari, na baadhi yenu mmeniuliza kwa upole kama ni kazi ya kasisi kulala mavumbini na spana mkononi. Mmoja hakuuliza kwa upole. Nimeona afadhali nijibu hapa katika gazeti letu, maana jibu lenyewe ni sehemu ya toba yangu, tena linawahusu na ninyi.

Gari la mtaa wetu mnalifahamu. Ni Land Rover ya chesisi ndefu, ya mwaka 1979, nasi tuliipata ikiwa imekwisha kufanya kazi kwingine. Magari ya jina hilo yalianza Uingereza mwaka 1948. Vita ilikuwa imekwisha karibuni na chuma kilikuwa haba, basi bodi zikafanywa kwa alumini. Alumini haili kutu kama chuma, na kwa sababu hiyo mtu akiona Land Rover kuukuu husema, "Bado ngumu hii." Lakini chini ya bodi kuna chesisi, nayo ni ya chuma, imeundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na tope huingia kwa matundu madogo, na kutu huanza ndani ikija nje. Siku utakapoiona kwa macho, ndani imekwisha kula sana.

Miaka miwili iliyopita Halmashauri ya Mtaa ilinipa fedha za kulitengeneza. Nitasema wazi nilivyozitumia. Tulikuwa tukimngojea Askofu kwa Kipaimara, nami sikutaka atuone wanyonge. Nilipiga rangi. Nikaweka bampa kubwa la mabomba mbele, na taa mbili kali juu yake. Nikaweka redio. Tena nikafunga zile habu za mbele ambazo dereva huzifunga na kuzifungua kwa mkono. Kilichobaki kilinunua kopo moja la grisi, nalo likakaa stoo na kifuniko chake.

Habu hizo si upuuzi, msinielewe vibaya. Ukiwa kwenye lami unazifungua, na magurudumu ya mbele huzunguka peke yake bila kuburuta shafti na difu. Mafuta hupungua matumizi kidogo, na vyuma havichakai bure. Ukifika kwenye tope unashuka, unazifunga, ndipo ile gia ya magurudumu ya mbele ipate kitu cha kuvuta. Zina sharti moja, nami niliambiwa: zifungwe mara moja kwa mwezi hivi, gari liende mwendo mfupi, ili oili ifike kila mahali na vyuma visigandane. Lakini siku hizi lami inakwenda mpaka Tunduru, na kupita Mbinga mpaka Mbamba Bay. Sikuona haja. Sikuzifunga hata mara moja.

Mwezi wa tatu mwaka jana, katikati ya Kwaresima, nilipata habari kwamba mama mmoja mzee wa kanisa letu dogo la shambani amezidiwa, naye anaomba Sakramenti. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 30, na sehemu ya mwisho ni udongo mwekundu mtupu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Vijana wa bodaboda walikuwa wameegesha chini ya mlima wakingoja njia ikauke. Mimi niliwapita nikiwapungia mkono. Nilikuwa na Land Rover.

Katikati ya mlima magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza. Nikashuka kufunga habu. Hazikuzunguka. Nilijaribu kwa mkono, kwa koleo, kwa jiwe. Zilikuwa zimegandana kabisa. Nikarudi ndani, nikaweka gia ndogo, nikakanyaga mafuta, na uzito wote wa gari ukawa juu ya magurudumu mawili ya nyuma. Nikasikia mlio kama tawi kavu linavyokatika. Shafti ya nyuma ilikuwa imekwenda. Wenye magari haya wanajua kwamba shafti ya nyuma ikikatika mtu bado aweza kufika nyumbani kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele. Basi magurudumu ya mbele ndiyo yale yale niliyoyanyima kazi mwaka mzima.

Nilichukua Sakramenti kifuani nikaenda kwa miguu. Nilifika usiku. Mama yule alikuwa amefariki muda wa saa moja kabla yangu. Binti yake alinipokea vizuri, akanipa maji ya kunawa na kiti. Hakunilaumu. Alisema tu, "Padre, alikuwa anakuulizia."

Najua kwamba Mungu hafungwi na shafti ya gari. Mama yule aliishi katika neema, na tuliomwombea tunamwachia Bwana kwa tumaini. Lakini hiyo ni habari ya rehema ya Mungu, na mimi hapa nasema habari ya kazi niliyopewa nikaiacha.

Sasa fungueni Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 12. Mfalme Yoash aliwaamuru makuhani wapokee fedha za watu na kutengeneza mahali palipobomoka katika nyumba ya Bwana. Amri ilikuwa nzuri na watu walitoa. Hata ukafika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, hapajatengenezwa kitu. Maandiko hayasemi kwamba makuhani waliiba. Nimeisoma sura hii mara nyingi tangu mwaka jana nikitafuta neno hilo, nisilione. Fedha ziliingia, siku zikapita, na kila mmoja labda aliona kwamba ufa ule si wa leo wala si wake. Wala si walevi wa sokoni waliofanya hivyo. Ni makuhani, watu wa kazi yangu.

Ndipo kuhani Yehoyada alipotwaa sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilizotiwa humo walipewa maseremala na waashi na wachonga mawe. Angalieni mstari wa 13: fedha zile hazikufanyiwa mabakuli ya fedha, wala tarumbeta, wala chombo chochote cha dhahabu. Si kwamba vyombo ni vibaya. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 24, kinaeleza kwamba kazi ilipokwisha, zile zilizosalia zilifanyiwa vyombo. Kwanza ufa, kisha bakuli. Mimi nilianza na bakuli.

Na mwishoni mwa sura hiyo hiyo ya Wafalme kuna jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani. Hazaeli mfalme wa Shamu alipoukabili Yerusalemu, Yoash alikusanya vitu vitakatifu na dhahabu yote ya hazina akampelekea ili aende zake. Vyombo vilikwenda Shamu. Mawe yaliyotiwa ukutani hayakwenda popote. Nami nilipotafuta fedha za kununua shafti mbili na kufungua habu zile, niliuza nini? Niliuza bampa na taa.

Mzee wetu mmoja, dereva wa miaka mingi ambaye sasa amestaafu, alikubali kutusaidia bila malipo. Siku ya kwanza hakugusa injini. Alichukua nyundo ndogo na bisibisi, akalala chini, akaanza kugonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti butu. Alipofika nyuma, mahali tope lilikuwa limeshindiliwa kwa miaka, bisibisi iliingia kama katika papai. Akatoka, akajifuta uso, akasema, "Padre, gari hili limevalishwa suti juu ya kidonda."

Tangu siku hiyo tumekata kilichooza na kuchomelea chuma kipya. Habu zimefunguliwa, zikasafishwa, zikatiwa grisi, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunazifunga na kuzunguka mpaka sokoni Lizaboni na kurudi, hata jua liwe kali namna gani. Watoto hutucheka wakiona tunashuka kufunga habu penye njia kavu. Wana haki.

Ndugu zangu, nilipokuwa chini ya gari nimefikiri sana juu ya mtaa wetu. Tuna vitu ambavyo hatuvizungushi. Zamani tulikuwa na zamu ya kuwatembelea wagonjwa kila Alhamisi. Daftari lake lipo, na jina la mwisho liliandikwa muda mrefu kabla ya yule mama kuugua. Kama zamu ile ingekuwa hai, mtu angemwona wiki tatu kabla, na mimi ningekwenda njia ikiwa kavu. Tuna nyumba mbili ambazo huketi pande mbili za kanisa na hazipeani mkono wakati wa Amani, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kila nyumba imeniambia kwamba siku ya msiba watasameheana. Ndugu, siku ya msiba ndiyo ule mlima. Msamaha ambao haujafanyiwa kazi mahali pakavu utauzungusha kwa jiwe na koleo, na hautazunguka.

Wazee wetu wa UMCA walikuwa na meli yao ziwani Nyasa, Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901. Ililetwa vipande vipande kutoka Glasgow, na tangi lake la kuchemshia maji, lenye uzito wa tani 11 hivi, lilivutwa nchi kavu na mamia ya Wangoni wa upande wa Nyasaland, jamaa za Wangoni wa huku. Habari ya kuvuta tangi lile husimuliwa mpaka leo, na inastahili. Lakini meli ile ilitumikia misheni kwa karibu nusu karne, na haiendi miaka yote hiyo kwa sifa za siku ya kwanza. Kuna watu walioingia gizani kukwangua masizi na kutu, juma kwa juma, wala majina yao hatuyasikii.

Nimeiomba Halmashauri iweke sanduku karibu na mlango wa kanisa, lenye tundu juu, kwa ajili ya matengenezo tu. Wazee wawili wa kanisa watalifungua pamoja, na hesabu zitabandikwa ukutani, maana wale waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu, lakini mimi nimekwisha kuonyesha kwamba nahitaji kudaiwa. Daftari la wagonjwa liko mezani sakristia. Nimejiandika Alhamisi ya kwanza, na nafasi ya mwenzangu iko wazi.

Jumamosi ijayo tunafungua breki za nyuma, kuanzia saa 2 asubuhi. Mwenye jeki nzuri atuazime. Njoni na magunia ya kulalia.

Wenu katika Kristo,
Padre wa Mtaa