Deni la Aliyekwenda Ng'ambo

Kusafiri kwa ajili ya elimu ni jambo lenye heshima, nalo si geni kwetu. Wazee husema kwamba mtoto asiyetembea hudhani mamaye peke yake ndiye mpishi hodari. Methali hiyo yasikika katika lugha nyingi za Afrika Mashariki, na Kikamba ni mojawapo. Haina nia ya kumdharau mama. Inafundisha kwamba aliyeonja chungu kimoja tu hawezi kuwa mwamuzi wa ladha. Walakini methali hiyo imenyamaza juu ya jambo moja: haisemi mtoto huyo, akiisha kuonja vya majirani, anadaiwa nini na mama aliyemfungia chakula cha njiani. Swali hilo ndilo ninalotaka tulitafakari, msomaji wangu, maana huenda kesho likawa lako.

Mimi ni mwalimu katika sehemu ya Kitui, na jambo hili nimeliona kwa macho zaidi ya kulisoma vitabuni. Kitui na Makueni ni nchi za mvua haba. Mkulima hupanda pojo, mbaazi na mtama, kisha hutazama mbingu kwa matumaini na kwa hofu. Na kule Makueni maembe yakizaa vizuri watu husomesha watoto kwa maembe. Habari ikifika kwamba kijana wa fulani amepata nafasi katika chuo kikuu cha Ulaya, ndugu huitwa, majirani hualikwa, na harambee hufanywa. Mmoja huuza fahali aliyemtunza kwa ajili ya kulima. Mwingine huleta mbuzi wawili. Kikundi cha akina mama hutoa akiba kiliyokuwa kimeiweka kwa kununulia tangi la maji. Ajuza asiyejua kusoma hufungua fundo la kanga yake na kutoa noti iliyokunjwa mara nne. Kijana hupanda ndege na sanduku moja, lakini mzigo wake wa kweli haupimwi kwa mizani ya kiwanja cha ndege.

Je, mzigo huo ni nini? Ni deni? Na kama ni deni, hulipwa kwa sarafu gani, na kwa nani?

Katika zamani za babu zetu jibu lilikuwa jepesi. Wakamba walikuwa wasafiri mashuhuri. Katika karne ya 19 misafara yao ilichukua pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, ikarudi na nguo, shanga na chumvi. Kivoi, mkuu wa wafanyabiashara wa Kitui, alijulikana pwani na bara. Naye ndiye aliyempokea Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na kutoka nchi hiyo ya Kitui mgeni yule akauona Mlima Kenya. Baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, Mutisya Munge wa Wamunyu alipelekwa Tanganyika, akaona huko ufundi wa kuchonga vinyago, akarudi nao kwao. Na kutoka kwake kazi ya uchongaji ikaenea Ukambani hata ikawalisha maelfu ya watu. Kwa hao wa zamani, kwenda na kurudi kulikuwa kitu kimoja. Aliyekwenda alirudi, na alichokiona kikawa mali ya wengi.

Lakini elimu si pembe ya ndovu. Pembe huuzwa mara moja, na mwenye kuiuza huachwa bila pembe. Elimu hutolewa na hubaki. Tena pembe haimbadilishi mchukuzi wake, ilhali elimu humbadilisha aliyeichukua. Kijana aliyeondoka si yule atakayerudi. Kwa hiyo kabla ya kumdai yatupasa kujua tulimpa nini. Mtu hutoa fedha kwa njia tatu. Akitoa kwa bei, hununua kitu, na kitu hicho huwa chake. Akitoa kwa mkopo, hungoja kurudishiwa kiasi kile kile au zaidi. Akitoa kwa zawadi, hutoa bila kuandikiana. Harambee si bei, maana mwanadamu hanunuliwi. Tulikwisha kuona katika pwani yetu ubaya wa watu kununuliwa. Harambee si mkopo pia, maana hakuna tarehe ya kulipa wala riba. Ni zawadi. Hata hivyo kila mtu mwenye adabu anajua kwamba zawadi nayo hufunga. Haifungi kwa kamba. Hufunga kwa heshima. Apokeaye zawadi na kumsahau aliyempa havunji sheria yoyote ya serikali, lakini amevunja kitu ambacho serikali haiwezi kukijenga upya.

Wako watu wasemao kwamba deni hili lina malipo ya namna moja tu, nayo ni kurudi. Hoja yao ni nzito. Katika vijiji vya Mutomo au vya Mwingi mama mwenye uchungu wa kuzaa huweza kusafiri mwendo mrefu katika barabara ya vumbi kabla ya kumfikia daktari. Daktari mmoja akibaki London, jiji hilo halitahisi kwamba limeongezewa mtu. Lakini kijiji chake kitahisi kwamba kimepungukiwa. Wapo waliorudi, na kurudi kwao kukazaa matunda. Kitili Mwendwa, mwana wa chifu wa Kitui, alisomea sheria Uingereza, akarudi, na mwaka 1968 akawa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Jaji Mkuu wa Kenya. Wangari Maathai wa Nyeri alisoma Marekani, kisha akafanya utafiti Ujerumani, akarudi Nairobi na kupata shahada ya udaktari mwaka 1971; na mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti iliyompatia Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Mtu aliyesoma habari za hao hawezi kusema kwamba kurudi ni jambo dogo.

Wako na wengine wasemao kwamba kijana hadaiwi kitu. Husema: alisoma kwa jasho lake, alivumilia baridi peke yake, na maisha ni yake. Hoja hii nayo isidharauliwe. Mwanadamu si mbuzi wa kufungwa kwenye kigingi cha waliomlea. Tena si kila asiyerudi amekataa kurudi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, na kazi yake juu ya desturi za Waswahili ikachapishwa mwaka 1903. Alimwoa Mjerumani, na alipotaka kurejea kwao pamoja na mkewe, serikali ya kikoloni iliwakatalia. Wakarudi Ujerumani, naye akafia Berlin mwaka 1927. Nani atakayemshitaki mtu kama huyo kwa kukimbia deni? Walakini hoja hii ina shimo. Msemaji wake huanza kuhesabu tangu siku ya kupanda ndege, na husahau fundo la kanga ya yule ajuza.

Baina ya hoja hizi mbili nataka nimweke mtu mmoja wa kwetu, maana maisha yake hayakubali kupimwa kwa kipimo chepesi. John Mbiti alizaliwa Mulango, karibu na mji wa Kitui, mwaka 1931. Alisoma Makerere, akaenda Marekani, kisha Cambridge, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1963. Kutoka 1964 hadi 1974 alifundisha Makerere. Mwaka 1966 alichapisha mkusanyo wa hadithi za Wakamba, na mwaka 1969 kitabu juu ya dini na falsafa za Kiafrika ambacho kilisomwa duniani kote. Baadaye akahamia Uswisi. Akaongoza taasisi ya Kikristo ya Bossey, akawa mchungaji wa kanisa katika mji wa Burgdorf, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Bern. Na huko huko Uswisi akafariki mwaka 2019.

Ukimpima mtu huyu kwa kipimo cha kurudi, utasema kwamba hakulipa. Maana miaka zaidi ya 40 ya maisha yake aliitumia katika nchi ya theluji. Lakini tazama alichokifanya huko. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya kutafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba, nalo likachapishwa mwaka 2014, yeye akiwa amepita umri wa miaka 80. Lugha aliyoisikia kwa mamaye Mulango hakuiacha ikauke. Wako wengi wanaolala kila usiku hatua mia kutoka nyumba ya mama zao, na hawawezi kuandika ukurasa mmoja wa lugha ya mama hao. Ni nani basi aliye mbali?

Hata hivyo, nisimtetee kupita kiasi. Kitabu hakishiki mkono wa mwanafunzi darasani. Vijana waliokuwa wakitaka kumwuliza maswali ana kwa ana hapa kwetu walimkosa, na hasara hiyo haiwezi kufutwa na heshima aliyotuletea. Mbiti alilipa sehemu kubwa kwa sarafu moja, na sehemu nyingine ikabaki bila kulipwa. Huo ndio ukweli wa madeni ya namna hii: hayalipwi yakaisha.

Kuna jambo moja zaidi katika mafundisho yake linalotuhusu. Mbiti alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza namna Waafrika walivyouelewa wakati. Akadai kwamba katika fikira za jadi wakati ujao wa mbali ulikuwa kama haupo. Wataalamu wengi walimpinga. Mimi si mtaalamu, lakini nikimkumbuka ajuza anayetoa noti kwa ajili ya kijana ambaye huenda asirudi yeye akiwa hai, naona mtu anayewaza kesho ya mbali sana. Yeye hatatibiwa na daktari yule. Anatoa kwa ajili ya watu wasiozaliwa. Kwa hiyo wadai wa kweli wa deni hili si wale waliochanga, maana wao walitoa zawadi. Wadai ni wale watakaokuja.

Sasa nitasema deni hilo ni nini kwa maoni yangu. Malipo ya kwanza si fedha wala si kurudi, bali ni ukweli. Kijana afikaye Ulaya huona mambo mengi ya kusifiwa: maktaba zisizo na mwisho, magari-moshi yanayoondoka kwa dakika iliyoandikwa, maji yatokayo ukutani mchana na usiku. Huona pia mengine. Katika mwezi wa Desemba, saa kumi ya jioni jua limekwisha kuzama, na upweke huingia pamoja na giza. Huona wazee wanaoishi peke yao na kutembelewa mara chache. Huona watu wanaomtazama rangi kabla ya kumtazama uso. Usiku huosha vyombo hotelini ili alipe kodi ya chumba. Lakini aghalabu picha anayoileta nyumbani ni ya koti jipya na jengo zuri. Kwa picha hiyo wadogo zake hudanganyika, na wazazi wao huuza shamba ili nao waende. Upande wa pili, akiulizwa na wenyeji habari za kwao, huweza kuwapendeza kwa kusimulia njaa na simba peke yake. Huo ni uongo wa pili. Aliyetumwa kuona huiba anaposema asichokiona. Na wizi huo ni mbaya kuliko kubaki ng'ambo.

Lakini deni lina pande mbili, na sisi wa nyumbani tusijifanye wadai watupu. Tazama mito yetu. Mvua ya Kitui ikinyesha, maji hushuka kwa nguvu saa chache, kisha mto huwa mchanga mtupu. Watu wa Kitui na Makueni wamejifunza kujenga ukuta juu ya mwamba, ukikata mto; mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na mchanga huo huyahifadhi maji hata wakati wa kiangazi. Pasipo ukuta, mvua nzuri kabisa huenda zake. Hivyo ndivyo ilivyo elimu ya ng'ambo. Mara ngapi kijana amerudi na shahada yake, akakuta hakuna kazi bila kujuana, hakuna chombo cha kufanyia kazi, wala sikio la kusikiliza? Tunamlaumu kwa kupita kama mafuriko, nasi hatukujenga ukuta. Anayemdai mtu arudi, na amwandalie pa kurudi.

Kwa hiyo, msomaji kijana, ukipata nafasi ya kwenda, nenda bila woga. Ukiweza kurudi, rudi, maana hakuna kitu kinachochukua mahali pa mtu. Usipoweza, usijifiche nyuma ya maneno. Tafuta kazi ambayo watu wa kwenu wanaihitaji na uifanye huko uliko, kama mtu alivyoketi Uswisi akiandika Kikamba. Andika nyumbani mambo kama yalivyo. Nasi tuliobaki, tukichanga, tuchange tukijua kwamba tunatoa zawadi. Kisha tusiende kulala. Shule iliyo karibu nasi inahitaji vitabu, zahanati inahitaji dawa, na vijana walio hapa hapa wanahitaji kazi ya haki. Tukiyatenda hayo, siku msafiri atakapopiga hodi tutakuwa na haki ya kumwuliza umetuletea nini, naye atakuwa na haki ya kutuuliza mmejenga nini.