Maji ya Uzima, Si Maji ya Kupima Wachawi



Katika usiku wa Pasaka padri humwagia mkatekumeni maji kichwani mara tatu, akitaja Nafsi tatu za Mungu mmoja. Tendo hilo ni fupi kuliko kujaza mtungi kisimani. Lakini yafaa tujue vema maji hayo ni nini, na tena siyo nini. Kwa maana katika nchi yetu ya Katanga maji yaliwahi kutumiwa, kwa jina la Mungu, kuua watu.

Sikilizeni habari hiyo. Mwaka 1925 mtu mmoja jina lake Tomo Nyirenda, mzaliwa wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, alihubiri katika nchi ya Walala huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Alijiita Mwana Lesa, maana yake Mwana wa Mungu. Aliwazamisha watu mtoni, akisema kwamba anawabatiza, na kwamba maji yatawafichua wachawi: asiyezama mwili mzima, huyo ni mchawi. Waliohukumiwa hivyo waliuawa majini. Kisha akavuka mpaka akaingia Katanga, akaua wengine wengi. Mwishowe alikamatwa, akahukumiwa, na mwaka 1926 akanyongwa.

Kwa nini watu walimfuata? Si kwa kukosa akili. Walikuwa na hofu ya uchawi, wakatamani kijiji kisafi. Na hofu hiyo haijaisha. Hata leo mtoto akifa ghafula, bibi kizee hunyoshewa kidole. Pengine yatima hufukuzwa nyumbani kwa neno la mfumu. Ndiyo sababu kila mkatekumeni apaswa kutofautisha maji ya Mwana Lesa na maji ya Yezu Kristu.

Tofauti ya kwanza ni hii. Mwana wa uwongo aliwasukuma wengine majini ili wahukumiwe. Mwana wa kweli alishuka majini mwenyewe. Mtakatifu Mateo aeleza katika sura ya tatu ya Injili yake jinsi Yezu alivyofika mtoni Yordani, akasimama katikati ya wakosefu, ingawa hakuwa na dhambi hata moja. Hakuja kutafuta wa kulaumiwa. Alikuja kuichukua lawama yetu. Baadaye akafa msalabani kwa ajili yetu. Maji ya ubatizo yapata nguvu yake katika kifo hicho na katika ufufuko wake.

Tofauti ya pili: katika ubatizo kuna kifo, lakini anayekufa si jirani yako. Mtakatifu Paulo awafundisha Waroma, sura ya sita, kwamba aliyebatizwa huzikwa pamoja na Kristu ili aishi maisha mapya. Tazameni mihogo michungu. Mama hailowesha majini siku kadhaa. Sumu yatoka, na muhogo wabaki kuwa chakula. Hautupi muhogo kwa ajili ya sumu yake. Vivyo hivyo Mungu hamtupi mtu. Huondoa dhambi ya asili na dhambi zote alizozitenda, humjaza neema ya utakaso, humfanya mtoto wake na kiungo cha Kanisa.

Tofauti ya tatu: maji ya Mwana Lesa yaliwagawa watu, hawa safi na hawa wachawi. Mbele ya kisima cha ubatizo hakuna mgawanyo huo. Chifu na mtumishi, mwenye shule na asiyejua kusoma, wote huja na dhambi, na wote hutoka wakiwa ndugu.

Basi, usiku ule padri atauliza, nawe utajibu kwamba wamkataa Shetani na mambo yake yote. Jibu hilo si la mdomo tu. Hirizi uliyoificha mlangoni, yakupasa kuiondoa. Njia ya kwenda kwa mfumu, yakupasa kuiacha, hasa siku ile ugonjwa utakapoingia nyumbani. Siku ile ndipo ahadi yako itakapojaribiwa. Na jirani yako akishtakiwa uchawi, simama upande wake, hata ukibaki peke yako. Ni vigumu. Lakini aliyeoshwa kwa maji ya Kristu awezaje kumtupa mwingine katika maji ya Mwana Lesa?

Tukumbuke jirani zetu wa Uganda. Usiku wa kuamkia Mei 26, 1886, Mtakatifu Karoli Lwanga, asiye padri, alijua kwamba kifo ki karibu, akawabatiza wakatekumeni wachache waliokuwa pamoja naye. Mmojawao ni kijana Kizito. Juni 3 wakachomwa moto Namugongo. Pamoja nao alikufa Mukasa Kiriwawanvu, bado mkatekumeni. Kanisa lamheshimu kuwa mtakatifu, kwa kuwa damu yake ilikuwa ubatizo wake.

MAULIZO NA MAJIBU

Je, ubatizo wa kumwagiwa maji kichwani ni wa kweli, au ni lazima kuzamishwa mtoni?
Yote mawili ni ubatizo wa kweli. Neema haipimwi kwa wingi wa maji.

Je, aliyebatizwa aweza kubatizwa tena?
Hapana. Ubatizo watia rohoni alama isiyofutika. Aliyeanguka arudi kwa Sakramenti ya Kitubio.

Je, mtu akikaribia kufa na padri yu mbali?
Mtu yeyote aweza kumbatiza, akitaka kufanya lifanywalo na Kanisa. Ammwagie maji ya kweli kichwani, akisema: Mimi nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Je, maji ya ubatizo ni dawa ya kumkinga mtu na magonjwa?
Hapana. Aliyebatizwa aweza kuugua na kufa kama wengine. Lakini hawi tena mtumwa wa hofu, kwa kuwa ni mtoto wa Mungu.

Wapenzi, jifunzeni maneno haya, mkawafundishe na wazee wenu nyumbani. Mungu aliyeanza kazi njema ndani yenu aitimize. Amina.