Maji ya Kifundo cha Mguu: Siku Yetu Pugu na Watoto wa Utoto Mtakatifu



Vijana wenzangu, leo naomba tufungue Kitabu cha Nabii Ezekieli, sura ya 47. Nabii anaonyeshwa maji yanatoka chini ya kizingiti cha Hekalu na kuelekea mashariki. Yupo mtu mwenye kamba ya kupimia. Anapima dhiraa elfu moja, maji yanafika kwenye kifundo cha mguu. Anapima elfu nyingine, magotini. Elfu nyingine, kiunoni. Mwishowe ni mto usiovukika kwa miguu. Na kila maji hayo yanapopita kunakuwa na uzima: samaki wanajaa, na miti ya kingo zote mbili inazaa kila mwezi.

Kanisa limezoea kusoma maneno hayo kwa jicho la Ubatizo, nasi tumefundishwa hivyo. Lakini safari hii niliyasoma na watoto wa Utoto Mtakatifu, wengi wao wa Kigogo na Mkwajuni, kule bondeni kabisa. Nilipofika kwenye magoti, mtoto mmoja wa miaka saba akanikatiza: “Hapo sisi tunapandishwa juu ya kabati.” Wenzake hawakucheka. Kipimo cha Ezekieli wanakijua kwa miili yao kuliko mimi katekista wao.

Wengi wetu tunakumbuka mafuriko ya Desemba 2011. Watu walikufa, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Watoto hawa hawakuwa wamezaliwa, lakini kila masika wanasimuliwa upya. Nyumba nyingi zimebomolewa kupisha mradi wa bonde la Msimbazi, na kwenye kundi letu wanne tayari wamehama. Kwa mtoto wa namna hii mvua siyo baraka hata kidogo. Ukimwambia aimbe kwamba maji ni zawadi ya Mungu, anaimba kwa sababu umemwambia, basi.

Ndiyo maana tukaamua kuwapeleka huko maji yanakoanzia.

Pugu tunaijua kwa hija. Wabenediktini walifungua misheni yao pale mwaka 1888, na Januari 1889 ikavamiwa na kuharibiwa, watawa watatu wakauawa. Tunapanda, tunasali Njia ya Msalaba, tunakula, tunapanda basi turudi Gongo la Mboto. Wengi wetu hatuvuki hapo. Ukisogea mbele kidogo, upande wa Kisarawe, upo msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ni kipande cha misitu ya zamani ya pwani, ile iliyokuwepo kabla ya jiji. Wanasayansi wamekipa kimti kimoja jina la Pugu yenyewe, Baphia puguensis. Na kwenye vilima hivi ndiko vinakoanzia vijito vya Mto Msimbazi, ule ule unaopita Kinyerezi, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ukatokea baharini pale Selander.

Watoto walikuwa ishirini na watatu, walezi watano na mama wawili wa jumuiya. Nusu saa ya kwanza sikufundisha chochote, na nakushauri nawe usifundishe. Waache waokote mbegu, wamfuate jongoo, wabishane kama lile ni tumbili au nyani. Kelele zilikuwa nyingi mno, ndege wote walituhama.

Kisha ndugu aliyekuwa akituongoza akachukua chupa mbili za maji. Moja akaimwaga njiani, penye udongo mtupu uliokanyagwa. Maji yakatimka mbio yakibeba mchanga, yakafika kwenye ndala za watoto. Ya pili akaimwaga chini ya mti, penye majani makavu yaliyooza. Yakazama. Akawaambia waweke mikono: chini ya majani palikuwa na unyevu na ubaridi, siku ya jua kali. Akaeleza kwa kifupi kwamba msitu unapokea mvua kwa majani kwanza, halafu takataka za majani, halafu mizizi, ndipo unaiachia polepole, siku kwa siku. Ukikata miti, mvua ile ile inashuka yote kwa mara moja.

Yule wa kabati akauliza: “Kwa hiyo maji hayana hasira?”

Jamani. Kuna mtu mzima alishamwambia kwamba mafuriko ni hasira ya Mungu kwa watu wa bondeni. Nawaomba walezi na wahubiri vijana, neno hilo tuliache kabisa. Yesu alipowataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao wa Yerusalemu. Soma Luka 13. Halafu akawageukia waliokuwa wakisikiliza, akawataka wao watubu.

Basi tujiangalie sisi tunaosikiliza. Maji yanatoka Pugu masafi. Hadi yafike Kigogo, mwendo wa zaidi ya kilometa 30 wa huo mto mzima haujaisha, lakini yameshabeba mchanga wa vilima vilivyokatwa, chupa za plastiki, nepi, maji ya viwandani na vyoo. Miti ya misitu hii imekuwa ikikatwa kwa ajili ya mkaa, na mkaa unaliwa Dar es Salaam. Simlaumu mama ntilie anayenunua kopo moja la mkaa apate kuwasomesha wanawe. Gesi aitoe wapi? Lakini sherehe zetu za parokia, somo wa kigango, kipaimara, harusi, tunateketeza magunia kwa pilau la mchana mmoja. Hapo uwezo wa kufanya vingine tunao. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si’ ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Kwetu vilio hivyo vinashuka kwenye mto mmoja.

Mwanzo sura ya 2 inasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kabla ya kuondoka, watoto waliomba kumwaga wenyewe. Kila mmoja alimimina maji kidogo kwenye majani makavu, akasubiri, akagusa. Mmoja alirudia mara nne.

Kamati ya vijana imekubali kwamba somo wa mwaka huu tutapikia gesi, na michango imeanza. Tarehe 1 Septemba, Siku ya Kuombea Uumbaji, tutasali pamoja, na Jumamosi inayofuata tunarudi Pugu na wazazi, pamoja na wale wanne waliohama. Mmoja wetu atawafuata huko waliko. Watoto wavae viatu vya kufunika, waje na maji ya kunywa, na kila chupa irudi nyumbani. Kiingilio tunalipia pamoja, asiye nacho aje tu. Saa moja kamili asubuhi gari linaondoka.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.