Pole si fidia

Mwaka juzi nilitengenezesha geti. Fundi alikuwa na kibanda kando ya barabara huku kwetu Dar es Salaam, mashine moja ya kuchomelea na vijana wawili. Mmoja wao, dogo wa miaka kama 20 hivi, alikuwa anachomelea amevaa miwani ya jua, ile ya kununua kwa machinga. Niliona. Sikusema kitu, maana nilitaka geti liwe tayari Ijumaa.

Ijumaa sikulikuta geti wala dogo. Alikuwa kwao, macho hayafumbuki. Mafundi watakwambia ule mwanga haukuumizi palepale. Unamaliza kazi, unakula, unalala; usiku ndipo macho yanaanza kuuma kana kwamba yamemwagiwa mchanga. Ni mionzi isiyoonekana inayounguza uso wa jicho, na mara nyingi hupona baada ya siku moja au mbili. Bahati mbaya, yeye jicho moja lilikuwa pia na chembe ya chuma iliyoruka kwenye grinda.

Fundi aliniambia, "Nilimwambia avae kinga, hasikii. Na kazi yenyewe alijua ina hatari."

Nikatoa elfu ishirini. "Mpe pole." Nikarudi nyumbani nikijiona mtu mwema.

Neno pole nalipenda. Tunamwambia aliyefiwa, aliyejikwaa, hata aliyebeba mzigo mzito, bila kuuliza kosa ni la nani. Lakini pole ikigeuka pesa, kiasi anapanga mtoaji, na mpokeaji anatakiwa kushukuru. Haki haiko hivyo. Haki inadaiwa.

Yale maneno ya fundi, kwamba dogo alijua hatari, yana umri mkubwa. Mwaka 1837 huko Uingereza, katika kesi ya Priestley na Fowler, mtumishi wa muuza nyama alivunjika paja baada ya gari la mzigo kuvunjika akiwa juu yake. Mahakama ikamnyima fidia: angeweza kukataa kulipanda. Kana kwamba mwenye njaa hukataa kazi kirahisi hivyo! Mwaka 1884 Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali kazini, na swali likabadilika. Badala ya kuuliza nani mzembe, ikaulizwa mzigo huu aubebe nani.

Kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inafuata njia hiyo. Aliyeumia kazini halazimiki kuthibitisha kosa la mwajiri. Mfuko, ulioanza kazi mwaka 2015, unachangiwa na waajiri. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti.

Utaniambia, fundi naye ni maskini, ana mashine moja, atalipa nini? Ni kweli, na ndiyo maana ukawepo mfuko: kila mwajiri atoe kidogo kabla ya ajali, ili siku ya ajali asifilisike mmoja. Lakini hicho kidogo kinatoka wapi? Kwenye bei ya geti. Na mimi nilibishana bei nusu saa nzima mpaka fundi akanyoosha mikono. Nilidhani nakata faida yake. Kumbe nilikuwa nakata pia hela ya kinga na ya mchango.

Hapo ndipo ninaposhindwa kujitetea. Sikuwa mwajiri, sheria hainidai chochote. Lakini urahisi wa bei yangu kuna mtu aliulipia, na sikumuuliza kama yuko tayari. Halafu mimi, mwandishi wa habari, nikampelekea noti mbili badala ya kumwambia kwamba kuna sheria na kuna ofisi ya kwenda kuuliza.

Dogo amerudi kazini. Jicho la kushoto linaona ukungu. Tukikutana ananiamkia, "Shikamoo kaka," na bado ananishukuru kwa ile elfu ishirini.

Ningefurahi siku moja anidai.